Kuta na vibao vikuukuu vya Babati: hazina ya msanii inayofutika

Na Mwandishi Wetu, Babati

MSAFIRI anayeingia mjini Babati kwa basi kutoka Arusha huonyeshwa na wenyeji mambo mawili: Mlima Kwaraa unaouangalia mji kutoka juu, na Ziwa Babati na viboko wake. Ni nadra mno kumkuta mtu akimwonyesha mgeni ukuta wa duka uliobambuka rangi, au kibao cha fundi baiskeli ambacho nusu ya herufi zake zimekwisha kuliwa na kutu.

Hata hivyo, kwa mchoraji, mpiga picha au mbunifu wa vitambaa anayetafuta mahali pa kuanzia kazi yake, ukuta ule na kibao kile vinaweza kuwa na faida kubwa kuliko mlima na ziwa. Picha za twiga, mlima na jua linalozama zimejaa katika kila duka la vinyago kuanzia Arusha hadi Zanzibar, na anayeingia leo katika biashara hiyo anajiunga na foleni ndefu. Uso wa ukuta mkuukuu wa Babati haujachorwa na mtu, na haufanani na wa mji mwingine wowote.

Lakini anayetaka kuutumia uso huo hana budi kwanza kujua kuusoma. Ukuta uliochakaa si rangi chafu zilizochanganyikana kwa bahati tu. Kila tabaka lina sababu yake, lina wakati wake na mara nyingi lina mkono wa mtu aliyelipwa kulifanya. Na suala hili lina haraka yake, kwani nyuso hizo zinaondoka mwaka hadi mwaka bila mtu yeyote kuziandika mahali.

Babati ni mji wa njia panda. Ulikua kando ya Barabara Kuu ya Kaskazini iliyojengwa enzi za utawala wa Mwingereza, ikiunganisha Dodoma na Arusha, na hadi leo magari ya Singida na ya Dodoma huachana hapa. Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe, Warangi na Wabarbaig hukutana katika soko lake pamoja na wafanyabiashara waliotoka mbali zaidi. Mji wa namna hiyo huishi kwa kuandika: hapa pana chakula, hapa pana vyumba vya kulala, hapa tunaziba pancha, hapa tunasaga. Ndiyo maana vibao vilikuwa vingi kabla hata ya lami.

Historia ya utawala wa eneo hili imo katika vibao hivyo. Wilaya ya Babati ilizaliwa mwaka 1985 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Hanang. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha, na Babati ikawa makao makuu yake. Kwa hiyo, kibao kinachotaja "S.L.P. Babati, Arusha" kwa kawaida kina zaidi ya miaka ishirini, na kile kinachotaja Wilaya ya Hanang kwa ofisi iliyoko Babati ni cha zamani zaidi ya hapo. Mtu akikiokota kibao kama hicho kwenye rundo la vyuma chakavu, ameokota waraka.

Namba za simu nazo husema. Wasomaji waliokuwa na simu za mkononi mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakumbuka namba zilizoanza kwa 0744 na 0748, kabla ya kubadilishwa katikati ya muongo huo kuwa 0754 na 0784. Duka ambalo ukutani mwake bado inasomeka namba ya 0744 halijapakwa rangi upya upande huo kwa karibu miaka ishirini, au limepakwa na rangi ya juu ikaanguka.

Tabaka zilizo wazi kuliko zote ni zile za kampuni za simu zenyewe, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikiwapakia wenye maduka kuta zao bila malipo ili wapate mahali pa kutangaza. Katika ukuta mmoja wa duka dogo la barabarani, katika mji wowote wa Tanzania, mtu anaweza kukuta Celtel, iliyoanza huduma mwaka 2001, chini ya Zain ya mwaka 2008, nayo ikiwa chini ya Airtel ya mwaka 2010. Jirani yake, chini ya jina la Yas lililokuja mwaka 2024, upo ukuta wa bluu wa Tigo, jina lililochukua nafasi ya Mobitel mwaka 2006. Vodacom nayo, kabla ya kuwa nyekundu, ilikuwa ya bluu, na bluu hiyo huchungulia pale wekundu ulipobanduka. Mchimbaji wa mambo ya kale huko Olduvai husoma tabaka za majivu na udongo. Mchoraji wa mjini anazisoma hizi.

Yapo pia maandishi ambayo hakuna kampuni iliyoyalipia. "Nyumba hii haiuzwi" ni sentensi inayojulikana kwa kila Mtanzania wa mjini, na nyuma yake mara nyingi pana ugomvi wa mirathi, ndugu asiyeaminika au tapeli aliyekwishapokea fedha za mtu. "Usibandike matangazo hapa" huandikwa katikati ya matangazo. "Leo taslimu, kesho mkopo" huandikwa ndani ya duka, na mwenye duka hukopesha hivyo hivyo.

Alama nzito kuliko zote ni herufi moja tu, X. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba iliyoingia katika eneo hilo huchorwa X. Katika mazoea yaliyojulikana nchini, X nyekundu humaanisha mwenye nyumba aliifuata barabara na atabomoa bila fidia, na ya kijani humaanisha barabara ndiyo iliyomfuata yeye, hivyo anastahili kulipwa. Msanii anayeiona X kama mchoro mzuri wa brashi pana afahamu kwamba ndani ya ukuta huo pana watu wasiolala. Hakatazwi kuichora. Akiichora bila kujua hilo, atakuwa amechora msalaba wa rangi tu.

Swali linalofuata ni kwa nini nyuso hizi huchakaa jinsi zinavyochakaa, na hapa ndipo maarifa kidogo ya kemia humsaidia mchoraji kuliko kipaji.

Kibao cha zamani cha Tanzania kiliandikwa kwa rangi ya mafuta. Rangi hiyo ina vitu viwili: chembe zenye rangi yenyewe, na mafuta yanayokauka na kuzishikisha chembe hizo kwenye bati au ubao. Jua huyavunja mafuta kwanza. Yakiisha nguvu, chembe hubaki juu kama unga, na ndiyo sababu mtu akipitisha kiganja kwenye kibao kikongwe hutoka na vumbi la rangi mkononi. Nyekundu nyingi za dukani hupauka mapema na kuwa waridi. Nyeusi, ambayo kimsingi ni masizi, hudumu karibu kuliko zote. Hivyo kibao kilichoandikwa kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, mtindo uliopendwa sana na mafundi wa hapa nchini, huishia kubaki kivuli bila herufi. Neno husomeka kwa kivuli chake.

Kwenye mbao hutokea kinyume. Herufi zilizopakwa rangi nene huukinga ubao ulio chini yake, huku sehemu isiyo na rangi ikiliwa na jua na mvua. Baada ya miaka mingi rangi yote huisha, lakini herufi hubaki zimeinuka kidogo, na kidole huzisoma hata pale jicho linaposhindwa. Kwenye bati, pale palipokuwa na rangi kutu huchelewa, kwa hiyo maandishi hurudi yakiwa meupe katikati ya uwanja wa kahawia.

Kuta nazo zina tabia yake. Mwenye duka anapopaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila kuikwaruza kwanza kwa msasa, rangi mpya haishiki. Baada ya misimu michache hujikunja na kudondoka kama magamba, na tangazo la zamani hutokeza tena katikati ya lile jipya. Mtu anayepita huona sentensi moja iliyoandikwa na watu wawili ambao pengine hawakuwahi kukutana. Na chini kabisa, kwa kimo cha goti, karibu kila ukuta wa Babati una mshipi mwekundu ambao hakuna fundi aliyeupaka: ni matone ya mvua yanayogonga udongo mwekundu na kuurusha ukutani. Wenye nyumba wenye busara huupaka mshipi huo rangi ya damu ya mzee tangu mwanzo, ili uchafu usionekane.

Bati lina hadithi ndefu zaidi. (Jina la mji na neno "bati" vinafanana kwa sauti tu, mgeni asijenge nadharia.) Bati la kuezekea ni chuma kilichofunikwa zinki. Zinki hujitoa mhanga: huliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiliwe, na kwa miaka mingi paa huonekana la kijivu kilichofifia tu. Kutu huanzia pale maji yanapokaa, yaani kwenye matundu ya misumari na mahali bati moja linapolala juu ya jingine. Kutoka hapo hushuka kwa michirizi kufuata migongo ya bati. Mtu anayechora paa kuukuu kwa kupaka kahawia kila mahali hajaliangalia paa. Kutu ina njia zake kama maji, kwa sababu iliyafuata maji.

Kutu hiyo ni oksidi ya chuma, na jambo hili lina maana ya pekee kwa mji huu. Mtu akishika barabara ya Dodoma kutoka Babati, kabla ya kufika Kondoa mjini atapita Kolo, kwenye miamba yenye michoro ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Yapo mapango na miamba ya namna hiyo zaidi ya 150 katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Michoro ya zamani zaidi, ya watu waliorefuka na wanyama, ni myekundu, na wekundu huo unatokana na udongo wenye oksidi ya chuma. Ni jamaa wa karibu kabisa wa kutu inayochirizika kwenye paa la duka la Babati. Umedumu kwa sababu chuma kilichokwisha kushika kutu hakina tena cha kuhofia kutoka kwa jua na hewa.

Juu ya michoro hiyo myekundu, katika baadhi ya miamba, ipo mingine meupe ya baadaye, iliyochorwa na watu wa jamii za wakulima bila kuifuta ya kwanza. Nayo basi ni tabaka juu ya tabaka, kama Celtel chini ya Zain. Mary Leakey, aliyeinakili michoro hiyo mwaka 1951 kwa kazi kubwa ya mkono, alikitoa kitabu chake mwaka 1983 kwa jina la Africa's Vanishing Art, akimaanisha kwamba ni sanaa inayotoweka. Nakala zake leo zinaonyesha mistari ambayo mgeni wa Kolo hupata shida kuiona mwambani. Thamani ya kunakili kabla ya kupotea imekwisha kuthibitishwa, tena katika barabara hii hii.

Wapo watakaosema kwamba kuangalia kuta chafu ni mtindo wa Wazungu waliochoka na vitu safi. Ni kweli kwamba Ulaya ina wasanii wengi wa namna hiyo. Leonardo da Vinci, zaidi ya miaka 500 iliyopita, aliwashauri wachoraji waangalie kuta zenye madoa, kwamba humo wataona milima, mito na vita. Mfaransa Jacques Villeglé, aliyefariki dunia mwaka 2022, alianza mwaka 1949 kubandua mabango yaliyochanika katika kuta za Ufaransa na kuyatundika kama picha, bila kuongeza hata tone la rangi. Antoni Tàpies wa Barcelona alijenga picha zake kwa mchanga na vumbi la mawe zikawa kama kuta. Jina lake la ukoo lenyewe, kwa Kikatalani, lina maana ya kuta.

Lakini Afrika Mashariki na jirani zake hawakuhitaji kufundishwa na hao. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kung'aa, zile zile za kupakia baiskeli na kuandikia vibao, juu ya vipande vya mbao nyembamba vya mraba. Alifariki mwaka 1972, na katika miaka ile minne tu aliacha mtindo unaobeba jina lake duniani kote. Mwanga na ubapa wa picha zake vinatokana kwa kiasi kikubwa na kopo la rangi lililokuwa dukani kwa bei ya mtu wa kawaida. Kwa maana hiyo, picha ya Tingatinga na kibao cha kinyozi ni ndugu wa kopo moja.

Nchini Kongo, Chéri Samba aliingia Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana, akajifunza kazi kwa wachora mabango, na mwaka 1975 akafungua karakana yake. Hakuacha maandishi alipoanza kuchora picha. Aliyaingiza ndani ya picha, na yakawa alama yake. Joseph Bertiers wa Dagoretti, Nairobi, naye alianza kwa kuandika na kuchora vibao vya baa na maduka kabla picha zake zenye umati wa watu na vichekesho hazijaingia katika majumba ya sanaa. Kwa hawa kibao kilikuwa shule yao ya kwanza.

Mfano mkubwa wa miaka ya karibuni umetoka Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Mwaka 2022 kikundi cha Wajukuu Art Project kilialikwa katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, ambayo hufanyika kila baada ya miaka mitano na huhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa ya sanaa duniani. Kikundi hicho kiliufunika mlango wa ukumbi mkubwa kwa mabati chakavu yenye kutu, ikawa njia ya giza ambayo kila mgeni alilazimika kuipita. Mwaka huo huo kilitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Mabati ambayo nyumbani yangeuzwa kwa kilo yaliwasimamisha Wazungu mlangoni.

Hapa ndipo penye mtego, na ni vizuri usemwe waziwazi. Bati lenye matundu ni zuri kwa mpiga picha. Kwa mwenye nyumba ni ndoo tatu sebuleni wakati wa masika. Kina mama lishe hawaachi ukuta uchakae kwa kupenda sanaa. Msanii anayekwenda Bagara au Maisaka kupiga picha umaskini wa watu, akautundika Dar es Salaam kama "uzuri wa asili", hatofautiani sana na mtalii. Wajukuu waliweza kuyasimamisha mabati yale Kassel kwa sababu wamelala chini yake. Asiyelala chini yake anaweza kufanya kazi hiyo pia, lakini aanze kwa kubisha hodi, aeleze anachotafuta na asikilize ukuta huo uliandikwa na nani.

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Vibao vya Babati, kama vya miji yote nchini, viliandikwa na mafundi. Fundi alipima ubao, akanyoosha uzi uliopakwa chaki, akaudonoa ili uache mstari mnyoofu, akachora herufi kwa chaki kabla ya kushika brashi. Aliyekuwa hodari alihesabu herufi kwanza. Asiyekuwa hodari alianza kwa herufi pana na kumalizia kwa zilizobanana kama abiria wa daladala. Kila fundi alikuwa na R yake na S yake. Wapo watu wazima mjini ambao bado wanaweza kukitazama kibao na kumtaja aliyekiandika, na kumbukumbu hiyo itaondoka pamoja nao isipoulizwa sasa.

Mafundi hao wamepungukiwa na kazi kwa sababu inayojulikana. Mashine ya kuchapa mabango ya plastiki humpa mteja kibao chenye picha ya rangi kwa muda mfupi, na mara nyingi kwa bei ambayo fundi wa brashi hawezi kushindana nayo. Aidha, mji wenyewe unajengwa upya. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilifunguliwa rasmi Aprili 2018, na njia panda iliyokuwa ya vumbi upande huo ikawa kituo cha magari makubwa usiku na mchana. Palipopita lami, milango ya mbao hupisha vioo na alumini, na kuta za chokaa hupisha vigae. Hakuna mwenye haki ya kuwalaumu wenye maduka kwa hilo.

Sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, kimsingi huyalinda majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Waziri anaweza kutangaza vingine, lakini ni vigumu kumfikiria waziri akikitangaza kibao cha bucha. Kwa hiyo kinachoweza kubaki ni kile kitakachonakiliwa.

Kazi ya kunakili haihitaji fedha nyingi. Simu ya kawaida inatosha, ilimradi kibao kipigwe picha kwa kukitazama uso kwa uso na si kwa upande, kisha ipigwe picha nyingine ya mbali inayoonyesha jengo zima, na iandikwe tarehe na mtaa. Saa nzuri ni asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, kwa kuwa mwanga wa ubavuni huvuta kivuli kwenye kila ufa na kila gamba. Saa sita mchana ukuta huo huo huonekana bapa kama karatasi. Baada ya mvua rangi zilizopauka hukolea kwa muda mfupi, na maandishi yaliyodhaniwa yamekufa husomeka.

Njia nyingine ni ya zamani na haitaki hata umeme. Karatasi nyembamba hubandikwa juu ya kibao cha mbao chenye herufi zilizoinuka, kisha husuguliwa polepole kwa kipande cha mkaa kilicholazwa. Herufi, mishipa ya ubao na vichwa vya misumari hujitokeza kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Mjerumani Max Ernst aliigeuza njia hiyo kuwa mtindo wake mwaka 1925, lakini kila mtoto aliyewahi kuweka sarafu chini ya karatasi na kuisugua kwa penseli anaijua. Kwa mbunifu wa vitambaa karatasi moja kama hiyo ni nusu ya kazi, kwani mchoro wake unaweza kuhamishiwa kwenye batiki siku hiyo hiyo.

Anayetaka kutumia vitu vyenyewe, badala ya picha zake, ataenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambako mabati na vibao vilivyong'olewa hupimwa kwenye mizani bila kusomwa. Ni vyema akavipata kabla havijakunjwa. Tahadhari moja ni ya lazima: rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Rangi hiyo haikwaruzwi kavu kwa msasa, wala haichomwi, wala kazi hiyo haifanywi ukumbini mahali watoto wanapotambaa. Huloweshwa kwanza, na magamba yake hukusanywa.

Kuhusu kipi kichukuliwe na kipi kiachwe, wachoraji hutofautiana, na gazeti haliwezi kuwaamulia. Wapo wanaochukua rangi tu na kuacha maneno, wakihofia kwamba neno likiwamo mtazamaji atalisoma na kuacha kuitazama picha. Wengine huona kwamba neno ndilo lenye damu. Kinachoonekana dhahiri ni kwamba kibao kilichonakiliwa pamoja na makosa yake, ile herufi iliyosahauliwa na kuchomekwa juu, ile R iliyokuwa L na kurudiwa, hubeba mtu ndani yake. Kikisahihishwa, mtu huyo hutoka.

Mabango ya plastiki yaliyowaondoa mafundi nayo hayajasalimika. Wino wake wa njano na wa waridi huuawa na jua kabla ya ule wa bluu, na baada ya miaka michache tu nyuso za wale vijana walionyolewa vizuri, zilizochapwa kwenye milango ya saluni kando ya barabara ya Singida na kwingineko nchini, hugeuka bluu zote, pamoja na meno. Hazijapata bado mchoraji.